Kioo cha Mtu Anayekaa Wima

Wiki iliyopita niliishia mlangoni kwa Fundi Waya, nimelibeba gitaa la marehemu mke wangu ndani ya blanketi kama mtu aliyeiba mtoto wa watu.

Kama leo ndiyo kwanza unanisoma, usiwe na wasiwasi, nitakupa kwa ufupi. Mimi ni dereva wa lori. Shule niliishia darasa la tatu. Mgongo wangu umejikunja kwa miaka ishirini na sita ya usukani, ndiyo maana madereva wenzangu wananiita Upinde. Miezi saba iliyopita mke wangu alifia kwenye yadi ya kampuni, nyuma ya lori langu, na aliyekuwa analirudisha lori nyuma ni mimi.

Kesho saa tatu asubuhi kuna kikao. Wakubwa watakaa upande wao wa meza waseme ni kosa la dereva. Mimi nitasema ni kosa lao. Binti yangu, karani wa mizani kwenye kampuni hiyohiyo, ameapa kusimama na mimi.

Na lile gitaa, kila siku ikifika saa nne kamili asubuhi, linaguna lenyewe juu ya kabati. Hakuna mkono. Saa nne, saa ileile aliyokufa mwenye gitaa.

Haya. Nikaingia.

Fundi Waya alikuwa amepiga magoti chini ya meza anatafuta skrubu. Akainua kichwa, akaliona blanketi.

"Mzee, mbona umebeba kama maiti?"

Akanitazama vizuri, akanikumbuka. Ndiye aliyekuwa anamtengenezea mke wangu spika za bendi. Akajipiga kofi mdomoni.

"Nisamehe, mzee wangu. Ulimi huu siku moja nitaukata."

"Ubakishe, utanieleza nao. Nataka uliue hili gitaa."

"Gitaa haliuawi."

"Lisilo hai ndilo haliuawi. Hili subiri uone."

Saa ya ukutani ilikuwa imebakiza dakika nne. Fundi akanisogezea stuli. Nikakaa nimepinda kama kawaida yangu, macho kwenye blanketi. Nje mtu alikuwa anakata bati.

Saa nne kamili blanketi likaguna.

Ngrrr. Kimya. Ngrrr, ngrrr.

Nikasimama. Kila siku nasimama, sijui kwa nini, kama mtu ambaye mkubwa wake ameingia ofisini. Jirani yangu aliyekuwa ananikanda mgongo kwa maji ya moto aliisikia sauti hiyo mara moja tu. Siku hizi akiniona anavuka barabara.

Fundi Waya alicheka mpaka akashika meza.

"Ndiyo hiyo? Mzee, hiyo ndiyo imekukondesha?"

"Cheka. Wewe hulali nalo chumba kimoja."

Akalifunua blanketi taratibu, akaliweka gitaa juu ya kitambaa. Jekundu, linang'aa, kama siku alipolileta nyumbani. Wiki tatu tu alilitumia. Wiki tatu!

"Hili siyo gitaa la zamani," akasema. "Hili lina akili."

"Nimechoka na vitu vyenye akili. Siti ya kampuni ilikuwa na akili. Meneja ana akili. Mke wangu yuko wapi?"

Akaacha kucheka.

"Tazama hapa kichwani. Vijimota sita, kila uzi na wa kwake. Vinapima uzi umevutwa kiasi gani. Uzi ukilegea, vinakaza vyenyewe. Mwenye gitaa analiwekea saa. Ikifika, linajiweka sawa ili akute liko tayari. Mama Nyuzi alikuwa anaanza mazoezi saa ngapi?"

Mama Nyuzi. Bendi nzima walimwita hivyo.

"Saa nne," nikasema.

"Basi huo ndio mzimu wako. Linamsubiri aje mazoezini, hakuna aliyeliambia kwamba hatakuja."

Msomaji, angeniambia ni jini ningepata nafuu. Jini unalifukuza.

"Na chaji linapata wapi miezi yote hii?" Fundi akauliza.

"Nalichomeka mimi."

"Unaliogopa, halafu unalichomeka?"

"Alikuwa ananiambia kila usiku, kabla hujalala chomeka gitaa langu. Hajaniambia niache."

Fundi Waya akajifanya kuitafuta skrubu yake tena. Alipoinuka alikuwa ameshika visikilizio vya masikioni.

"Kuna kitu kingine," akasema. "Tumboni mwake kuna kinasa sauti. Ukigonga uzi mmoja tu, kinafunguka na kuandika nusu saa nzima. Wanamuziki wanapenda, wimbo mzuri haupotei. Kinaandika kila kinachosikika, uzi, mtu, hata mbwa wa jirani. Nusu saa ikiisha kinajifunga. Hakifunguki tena mpaka uzi ugongwe tena. Na kikifunguka, cha zamani kinafutika. Ukurasa wake ni mmoja tu."

"Tangu siku ile hakuna aliyegonga uzi."

"Naona. Kwa hiyo siku ile yenyewe bado imo humu."

Nikakaa. Na nitakwambia ukweli, nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Maana kwenye yadi yetu zamani kulikuwa na mzee mmoja, kazi yake kusimama nyuma ya malori yanaporudi. Rudi, rudi, rudi, hapohapo! Tulimwita Mzee Rudi-Rudi. Meneja akamwondoa. Alisema malori sasa yana siti za kisasa na madereva wamefundishwa, mtu wa kupiga kelele wa nini. Nikajua gitaa limeandika ukimya wa Rudi-Rudi. Kesho nitauweka ukimya huo mezani, mbele ya wakubwa.

Nilisahau kwamba chombo kilichonasa ukimya wa Rudi-Rudi kimeninasa na mimi.

"Usiguse nyuzi," Fundi akaniambia akinivalisha visikilizio. "Hata kwa bahati mbaya. Hata inzi akitua, mfukuze." Nje mteja akamwita aje kumpakulia spika, naye akatoka. Nikabaki peke yangu.

Ting.

Sauti ya uzi mwembamba kuliko wote. Nyumbani, akiniona nimejikunja mezani, alikuwa anahesabu moja, mbili, na ikifika tatu sijanyooka, anagonga uzi huo. Ting! Nami nanyooka. Miaka na miaka, magitaa manne, ting ileile.

"Tatu imefika, nimeshapiga, na bado umepinda!" Sauti ya mke wangu. Karibu, kana kwamba amekaa begani. "Haya, mto wako huu hapa."

"Ahsante, Mama Nyuzi." Hiyo ilikuwa sauti yangu.

"Yaani leo umenifurahisha! Mtu mzima kunipigia simu kuulizia mto wa mgongo! Nimewaambia wenzangu nitachelewa, mume wangu amepona ukaidi."

"Wakasemaje?"

"Wakasema nihakikishe kwanza kama ni wewe kweli."

Tukacheka, mimi na yeye, humo ndani ya masikio yangu.

Sasa ngoja nisimame hapa kidogo, kwa sababu kuna jambo unanidai nikwambie. Kwenye sehemu ya pili ya mkasa huu niliandika kwamba siku ile mke wangu alikuja yadi mwenyewe, kuniaga tu. Nilikudanganya. Nimewadanganya polisi, nimemdanganya binti yangu, nikaona gazeti hili nalo liende hivyohivyo.

Nilimwita mimi.

Kampuni ilikuwa imetuwekea siti mpya. Ukikaa vibaya inalia kama mbuzi. Wakamleta na bwana mmoja mwenye viatu vya kung'aa, mtu ambaye hajaendesha hata toroli, atufundishe kukaa. Kiuno nyuma kabisa ya siti. Magoti yasipande juu ya kiuno. Usikalie pochi. Na vioo vya pembeni uvipange asubuhi ukiwa umekaa wima, ili baadaye ukijikunja kioo kikukatalie, usione kitu, ukumbuke kunyooka. Tulimcheka. Akatugawia karatasi, nikaenda kumpa mke wangu afungie viazi.

Hakufungia. Alinisomea yote, akaibandika ukutani, akakaa siku mbili anashona mto wa kiuno, mgumu, wa kunitosha mimi.

Unajua niliufanyia nini mto ule? Madereva wote yadi walijua. Kile kinachohisi mgongo kipo katikati ya kiegemeo. Ukikifungia mto kwa mkanda, siti inadhani kuna mgongo umeegemea. Inanyamaza. Nawe unainama juu ya usukani upendavyo, njia nzima. Wengine walifunga sponji, wengine koti. Mimi nilikuwa na mto mzuri kuliko wote, na walinionea wivu.

Siku ile niliusahau nyumbani. Siti ikalia kutoka getini mpaka nilipoegesha. Nikampigia simu mke wangu. "Niletee mto wangu," nikasema. "Mgongo hauwezi bila huo."

Akaja mbio, gitaa mgongoni. Akanigongea ile ting, akaliegemeza gitaa kwenye matairi ya zamani nyuma ya lori, akapanda ngazi ya mlango wangu.

Narudi kwenye visikilizio. Sauti zetu sasa zilitoka mbali, maana gitaa lilibaki kule nyuma, lakini zilisikika.

"Egemea. Kiuno nyuma. Toa hiyo pochi, umeikalia kama kuku anayelalia. Eeh! Mwanamume ni huyo. Sasa nikupangie kioo."

"Niache, nimechelewa."

"Na mimi nimechelewa, tena kwa ajili yako. Dakika moja." Kioo kikalia kwii, anakizungusha kwa mkono. "Ukiwa umekaa hivyo unaona nini?"

"Naona matairi. Naona gitaa lako."

"Basi usikiguse. Ukikaa hivi utaona kila kitu. Ukipinda utaona mbingu tu. Ukiona mbingu, ujue umepinda, nyooka. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Sema."

"Nikiona mbingu, ninyooke."

Halafu nikalisikia. Karibu kabisa, gitaa lenyewe, kule kwenye matairi. Ngrrr. Kimya. Ngrrr, ngrrr.

"Saa nne hiyo, linaniita," akasema. "Safari njema, Upinde wangu."

Viatu vyake vikashuka ngazi, vikatembea kwenye kokoto kuelekea nyuma ya lori. Miezi saba nimekuwa nikijiuliza kwa nini alikwenda kule nyuma dakika ileile. Alikwenda kuchukua gitaa lake. Sauti ninayosimama nayo kila siku ndiyo iliyomwita.

Kisha nikaja mimi. Nilikuwa naongea na dereva wa lori la jirani, kwa furaha, kwa sauti ya mtu asiye na shida duniani.

"Mto umeshafika, bwana! Sasa hiyo siti itanyamaza!"

Yule akacheka. Mkanda ukalia kacha, naufunga mto kwenye kiegemeo. Injini ikawaka.

Sihitaji gitaa linieleze yaliyofuata. Niliinama juu ya usukani kama nilivyozoea. Nikatazama kioo. Nikaona mbingu. Safi, na wingu moja dogo jeupe pembeni. Ni sekunde ngapi tangu niseme nitanyooka? Nikasema moyoni, huyu mwanamke ameniharibia kioo, nitakirekebisha nikitoka. Nikaingiza gia ya nyuma.

Siti haikulia. Kama ingelia ningenyooka. Kama ningenyooka ningemwona, kwa kuwa kioo alikipanga yeye mwenyewe, kingemwonyesha yeye mwenyewe, kilikuwa sawasawa kabisa. Sema alikipangia mtu anayekaa wima.

"Upinde!" Hiyo ilikuwa sauti yake, ya mwisho.

Nikavivua visikilizio, nikavitupa mezani.

Nisikilize vizuri. Sijamsamehe Meneja. Mzee Rudi-Rudi angekuwepo, angepiga ubao wa lori, mke wangu angekuwa mazoezini leo. Wakubwa wanatoa mtu wanaweka siti, halafu wanatushangaa tukiifunga mdomo siti yao. Hilo nitalisema mpaka kaburini. Lakini kesho hawataniuliza habari za Rudi-Rudi peke yake. Wataniuliza kama siti ililia. Nami nilishaandikisha kwamba siti yao ilikuwa mbovu, na kioo chao kilikuwa kibovu, na nilikuwa nimekaa wima.

"Baba?"

Nikaruka. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni na sare yake ya kazi, jasho usoni. Hakusikia kitu. Sauti ilikuwa masikioni mwangu peke yangu.

"Nimekutafuta nyumbani, jirani ameniambia umetoka na mzigo. Mbona hushiki simu?"

"Niliisahau, mama. Mbona huko kazini?"

Akacheka kicheko kifupi cha mama yake. "Kazi gani? Meneja ameniita asubuhi. Ananiambia kwa upole, binti, kesho ukifungua mdomo, keshokutwa usije."

"Ukamjibuje?"

"Nimemwandikia barua ya kuacha kazi palepale mezani kwake. Nimemwambia nimekuokolea siku moja."

"Mwanangu!"

"Usinigombeze, baba. Nitasema waliyokufanyia. Nitasema baba yangu alikaa wima, kioo chao kikamdanganya, siti yao ikamdanganya. Nimeshayaandika, nimeyashika yote kwa moyo." Akapiga mfuko wa sare. Karatasi ikalia ndani. "Kazi nyingine zipo. Baba ninaye mmoja."

Nikatazama sakafu. Skrubu ya Fundi ilikuwa palepale karibu na mguu wangu.

Ndipo akaliona gitaa.

Alikuwa hajaliona tangu siku ile. Nilimkatalia. Alikuja polepole, akapiga magoti mbele ya meza kama mtu anayetaka kuongea na mtoto mdogo. Hakuligusa. Akaliangalia tu, macho yakajaa maji.

"Bado linanuka mafuta yake ya mikono," akasema.

Nilitaka kumwambia asisogee zaidi. Nilijikunja pale kwenye stuli, kidevu karibu kinagusa magoti.

Akageuka akaniona. Na usoni mwake, katikati ya machozi, kikaja kile kitabasamu. Nakijua hicho. Nimeishi nacho nyumba moja miaka thelathini, kwenye uso mwingine.

"Baba, umepinda."

Mkono wake ukanyooka juu ya gitaa. Kidole kimoja kikasimama juu ya uzi ule mwembamba kuliko wote, karibu unywele mmoja, hakijaugusa.

Nikaelewa yote kwa mara moja. Sina haja ya kufanya lolote. Nikae tu kama nilivyokaa. Atafika tatu, atagonga, ting, na ukurasa utafutika kwa mkono wake mwenyewe, naye hatajua amefuta nini. Kesho nitasema siti mbovu. Atasimama atasema siti mbovu. Hakuna atakayetubishia, na Meneja atalipa kwa aibu yake, na mimi nitazeeka nikiitwa mjane aliyeonewa.

Au ninyooke. Nikinyooka hatagonga. Na kilichomo humo kitabaki, kinatusubiri mimi na yeye.

Mgongo huu, msomaji, haujawahi kuwa mzito vile.

"Nahesabu kama mama," binti yangu akasema. "Moja."

Nje bati likanyamaza. Nikausikia uti wangu wa mgongo, pingili moja moja.

"Baba, sitanii, nitapiga."

Kidole kikashuka kikaugusa uzi, kikatulia juu yake, bila kuugonga.

"Mbili."